Wastaafu wawili na hardtop moja: mzunguko wa Tabora, Mpanda, Uvinza na Kigoma

Mzunguko wenyewe ni huu. Kutoka Tabora mjini mnapita Sikonge na Ipole, mnavuka mto Koga hadi Mpanda. Kutoka Mpanda mnashika njia ya Mishamo hadi Uvinza, mnaingia Kigoma, kisha mnarudi Tabora kwa Malagarasi, Kaliua na Urambo. Jumla ni kilomita elfu moja na ushee. Kijana mwenye haraka anaimaliza kwa siku tatu. Mume na mke waliokwisha kuaga ofisi tunawashauri wiki tatu, na wasione haya kuziongeza ziwe nne.

Umbali si tatizo, na barabara siku hizi si mbaya kama inavyosimuliwa. Kinachowakwamisha wazee ni mzigo mzito garini na siku ndefu mno kwenye usukani. Springi inayokatika, tairi inayopasuka, mgongo unaokaza, presha inayopanda: ukifuatilia chanzo, mara nyingi utakuta kimoja kati ya hivyo viwili.

Wapo wanaotamani kuvuta karavani nyuma ya gari kama wastaafu wa Australia. Kule kuna barabara kuu ya Stuart, lami tupu kutoka Port Augusta hadi Darwin, na njiani kuna vituo vyenye mafuta, maji na uwanja wa kuegesha karavani. Huku kwetu karavani ni kujitafutia balaa. Kwenye michepuko ya wakandarasi hakuna pa kugeuzia, ndoano ya kuvutia inalegea kwa mtikisiko, na tumbo la karavani linakwangua kwenye kila korongo. Laleni ndani ya gari lenyewe.

Gari na kitanda

Tunaandika tukifikiria Land Cruiser hardtop ndefu yenye injini ya 1HZ, dizeli, lita 4.2. Haina kompyuta ya kusumbua, na fundi wa Urambo au wa Mpanda anaijua kwa kuipapasa tu. Hiace yenye springi nzima inatosha kwa upande wa lami, lakini kati ya Mpanda na Uvinza, na kwenye vipande vyovyote vya vumbi mtakavyokuta kati ya Uvinza na Kaliua, itawachosha. Noah iacheni nyumbani.

Hema la kufunga juu ya paa linapendeza kwenye picha. Mtu wa miaka 65 anayeamka mara mbili usiku kwenda haja ndogo hapaswi kushuka ngazi gizani. Tena hema hilo ni kilo 50 na zaidi juu kabisa ya gari, mahali pabaya kuliko pote kwa uzito. Kitanda kiwe ndani.

Fremu ichomelewe kwa bomba la mraba la inchi moja, ifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale yaliyoshika viti vya nyuma. Msipige misumari kwenye mbao. Baada ya kilomita mia mbili za vumbi misumari yote imetoka na kitanda kinapiga kelele. Juu yake wekeni plaiwudi ya milimita 12 iliyokatwa vipande vitatu, ili muweze kunyanyua kimoja na kufikia masanduku ya chini bila kutandua kila kitu. Kimo cha sentimita 35 kutoka sakafuni kinatosha sanduku la plastiki la kawaida. Godoro la inchi 4, gumu. Bila kuinua paa hamtaweza kukaa wima kitandani, kwa hiyo miguu ielekee mlango wa nyuma: mnaamka, mnajisogeza, mnakaa ukingoni na kuvaa viatu miguu ikiwa nje. Wekeni kigoda cha kukanyagia. Na kabla ya yote jaribuni kama mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani. Usipofunguka, fundi auwekee kitasa, maana kujifungia ndani ya gari porini si mzaha.

Madirisha mawili yanayotazamana yaachwe wazi vidole viwili, yafunikwe chandarua kilichoshonewa sumaku pembeni. Yakifungwa yote, asubuhi vioo vinachuruzika maji na godoro linanuka. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likionekana limezimika. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Julai usiku wa Tabora una baridi, ndiyo. Dawa yake ni blanketi la pili.

Uzito

Ondoa nyinyi wawili. Vilivyobaki, yaani kitanda, maji, chakula, gesi, vifaa na nguo, visizidi kilo 300. Hapa watu hukisia, na hukisia kwa kupunguza. Njia nzuri ni kubeba masanduku yote hadi kwenye mizani ya magunia sokoni mkayapime moja moja. Mtashangaa sanduku la spana.

Maji ndiyo mzigo mkubwa. Hesabu ya watu wawili ni lita 8 kwa siku za kunywa na kupikia, na lita 10 za kuoga na kuosha vyombo kwa kubana. Hakuna mahali kwenye mzunguko huu mtakapokaa zaidi ya siku tatu bila kupata maji, kwa hiyo lita 60 zinatosha, lita 100 ni ulafi. Yawekwe kwenye madumu ya lita 10, si ya lita 20. Kuinua kilo 20 huku umejipinda ndani ya gari ndiko kunakoumiza viuno vya wazee. Dumu moja lifungwe koki ya plastiki chini, mengine yajazie hilo. Madumu yakae sakafuni nyuma tu ya viti vya mbele, si kwenye mlango wa nyuma na kamwe si juu ya keria.

Maji ya kisima cha kijijini yakiwa na tope, yachujeni kwa kanga iliyokunjwa mara nne, yaacheni yatulie usiku kucha, mmimine ya juu, ndipo muweke dawa ya klorini au mchemshe. Klorini kwenye maji machafu haifanyi kazi vizuri, maana dawa yote inaishia kwenye uchafu.

Dizeli ya akiba hamhitaji. Gari hili likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami linakula lita 13 au 14 kwa kilomita 100. Kwenye vumbi na mchanga, 16 hadi 18. Mpanda hadi Uvinza ni kama kilomita 200, yaani lita 36 hivi, na tangi moja la hardtop hiyo ni lita 90. Jazeni Tabora, Mpanda na Kigoma, ongezeni Kaliua. Msinunue ya kwenye madumu kando ya njia. Dizeli yenye maji ndiyo sababu ya kawaida ya injini kuanza kukohoa na kuzima kwenye mlima. Bebeni filta mbili. Mkibadilisha, pampeni kwa mkono kile kitufe cha juu ya kichwa cha filta hadi kiwe kigumu, la sivyo hewa inabaki ndani na gari haliwaki.

Tairi, springi na vumbi

Upepo wa tairi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote na ndicho watu hawakijali. Kwa tairi za 7.50-16 zenye mzigo huo: kwenye lami psi 35 mbele na 45 nyuma, kwenye vumbi gumu shusheni hadi 28 na 35, mkikwama mchangani, 18 kote, mtoke taratibu, kisha mjaze tena. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi, mpime tena baada ya saa moja ya safari. Upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 6, tairi linachemka: mzigo ni mkubwa, mwendo ni mkali, au mlianza na upepo mdogo. Kipimo kiwe chenu wenyewe. Vya vituo vya mafuta kila kimoja kina neno lake. Pampu ndogo ya umeme wa gari inatosha, ila iunganisheni moja kwa moja kwenye betri. Tundu la kuwashia sigara litaunguza fyuzi.

Kwenye vumbi kuna sehemu ambazo barabara imejikunja vituta vidogo kama bati. Vijana hupita kwa kilomita 90 ili gari lielee juu yake, na kweli mtikisiko unapungua, ila breki na usukani pia vinapungua. Kwa umri wetu ni kilomita 40 hadi 50 na upepo ulioshushwa. Kila baada ya saa moja simameni, mzee aguse shokapu zote nne kwa kiganja, kwa tahadhari kwa sababu huwa moto. Zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Iliyo baridi wakati wenzake wanaunguza imekufa, haifanyi kazi, na springi ya upande huo ndiyo itakayofuata kukatika.

Springi ikikatika, mara nyingi ni jani kuu karibu na jicho, au ni senta bolti, ile inayoshikanisha majani ya springi katikati. Mkiwa na senta bolti moja, yubolti mbili (za kufungia springi kwenye ekseli) na bushi za akiba, fundi yeyote wa kijijini mwenye nyundo atawatoa hapo. Ushauri wa kuongeza jani la springi kabla ya safari tunaupinga: gari linakuwa gumu, mtikisiko unahamia kwenye vishikizo vya shokapu, navyo vinang'oka. Punguzeni mzigo.

Kubadilisha tairi, legezeni nati kabla ya kuinua gari. Kwenye wilispana chomekeni bomba la mita moja, na hata mama mwenye kilo 55 ataifungua bila kuruka juu yake. Chini ya jeki wekeni ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, la sivyo jeki inazama na gari linabaki pale pale. Baada ya kilomita 50 kazeni nati tena. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalong'oa magurudumu.

Vumbi huingilia nyuma, kwa sababu gari la sanduku likikimbia linavuta hewa mgongoni mwake. Mpira wa mlango wa nyuma uwe mpya. Fungeni madirisha yote ya nyuma, washeni feni ya hewa ya mbele iwe inasukuma ndani. Hewa ikijaa ndani, vumbi halina njia. Filta ya hewa ipigwe upepo kutoka ndani kwenda nje kila jioni ya vumbi. Ukiipiga kwa nje unalisukumia vumbi ndani zaidi.

Na majani. Mkiacha barabara kuu na kufuata njia ya porini yenye nyasi ndefu, mbegu za nyasi hujaa kwenye rejeta na gari huanza kuchemka bila sababu inayoonekana. Kipande cha wavu wa dirisha mbele ya rejeta kinamaliza kazi, mradi mkikung'ute. Hatari zaidi ni nyasi kavu zinazojikusanya juu ya ekzosi: zinawaka. Kila mkitoka kwenye nyasi, simameni, inameni mtazame chini, mzitoe kwa fimbo. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, usiwe chini ya godoro.

Hardtop nyingi zina loki za kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Kuvuta rungu la fowili bila kushuka kuzungusha loki hakusaidii chochote, na wengi hugundua hilo wakati gari limekwisha kuzama. Zungusheni loki kabla ya kuingia kwenye mchanga. Wote wawili mjue kuzifunga, kuendesha na kubadilisha tairi. Safari yenye dereva mmoja mwenye umri wa kustaafu inategemea tumbo la mtu mmoja kutokuharisha.

Lini, na kwa mwendo gani

Juni hadi Septemba. Mvua za kanda hii huanza Novemba na kuishia Aprili, na Mei udongo mweusi wa mbuga bado haujakauka chini ingawa juu unaonekana mgumu. Oktoba ni joto kali, na ndorobo, wale mbung'o wanaouma, wanakuwa na hasira.

Kwenye lami msizidi kilomita 250 kwa siku, kwenye vumbi 120. Ondokeni saa moja asubuhi, mwe mmeshafika pa kulala saa tisa alasiri. Giza ni la ng'ombe wa wafugaji, baiskeli za mkaa zisizo na taa na malori yaliyoharibika bila pembetatu. Kutoka Tabora hadi Mpanda ni lami, kama kilomita 340, kwa hiyo igaweni mara mbili. Mkiwa Mpanda nendeni stendi jioni ya kuamkia safari, waulizeni madereva wa basi la Uvinza: wapi mkandarasi amefunga, mchepuko upi una matope. Wao walipita asubuhi ile ile, hakuna ramani inayowashinda.

Kabla ya kuondoka Mpanda, shukeni Sitalike, kilomita 40 hivi kusini. Pale kwenye mto Katuma, mpakani mwa Hifadhi ya Katavi, viboko hurundikana kadiri maji yanavyopungua. Agosti na Septemba wanakuwa wengi hadi hujui mgongo ni wa nani. Malipo ya hifadhi ni kwa namba ya malipo, si fedha mkononi, kwa hiyo simu iwe na salio kabla hamjafika getini. Msishuke kwenye gari kwenda kuchungulia mtoni.

Pa kulala porini si popote. Sehemu kubwa ya misitu mnayoipita ni hifadhi, na kupiga kambi bila kibali ni kosa. Ingieni kijijini, muulizeni ofisi ya Mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji, msaini kitabu cha wageni, mtaoneshwa mahali: uwanja wa shule, ua wa parokia, au nyumbani kwake mwenyewe. Kijiji kikishajua wazee hao ni wageni wa mwenyekiti, mnalala vizuri. Mkoa wa Kigoma uko mpakani, na vizuizi vya Uhamiaji barabarani ni vya kawaida. Vitambulisho vya NIDA viwe mfukoni, si kwenye sanduku la chini ya kitanda.

Ndorobo, nyuki na dawa

Ndorobo hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Jinzi na kanga ya bluu ziacheni Tabora. Vaeni kaki au rangi ya mchanga, kitambaa kizito, maana nguo nyepesi wanaitoboa. Madirisha yafungwe kabla ya kuingia pori, si baada ya yule wa kwanza kuuma. Dawa za kupaka za mbu haziwatishi sana. Giza likiingia wanatulia, na hapo zamu inakuwa ya mbu.

Nyuki ni sura nyingine. Hii ni nchi ya asali, na kiangazi nyuki wana kiu. Watakuja kwenye koki inayodondosha, kwenye taulo mbichi, kwenye beseni la vyombo, hata kwenye kola ya shati lenye jasho. Msiwapige. Mara mnapofika kambini, chukueni sinia la maji lenye vijiti vya kusimamia, mliweke hatua 40 kutoka kwenye gari, halafu kausheni kila kitu kilicho karibu nanyi. Baada ya nusu saa wamehamia huko. Jua likizama wanarudi kwao, ndipo muoge.

Dawa za presha na sukari zitoshe siku zote za safari na wiki mbili juu yake, zigawanywe mifuko miwili. Anayetumia vidonge vya kukojosha azungumze na daktari wake kabla ya kuondoka kuhusu joto na kiasi cha maji; asiamue mwenyewe kuviacha njiani ili kupunguza kusimama. Insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa kama wiki nne bila friji ikiwa haipati joto la zaidi ya nyuzi 30, lakini gari lililofungwa juani linapita nyuzi 50 bila taabu. Mtungi mdogo wa udongo uliofungwa kitambaa kibichi, ukiwa kivulini penye upepo, unafanya kazi. Insulini ikae kwenye kopo kavu ndani yake, na isigusane na barafu kamwe: ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi.

Bila insulini, friji hamhitaji. Friji ya lita 40 kwa joto la huku inakula kama ampea-saa 35 kwa siku, na sola ya wati 100 inarudisha 25 hadi 30. Kila siku mnapungukiwa kidogo, na betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu. Wanaong'ang'ania nayo waweke wati 150 na waya wa milimita 6, si ule mwembamba wa taa, kwa sababu umeme hupotelea njiani na friji hukataa kuwaka ingawa betri imejaa.

Kula ni rahisi. Maharage yalowekwe asubuhi kwenye kopo la kufunga, yasafiri yakilowa, jioni yaive kwa nusu ya gesi. Dagaa, karanga, mchele, unga, vitunguu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha safari nzima.

Kigoma gari linapumzika. Gombe, hifadhi ya sokwe, haifikiki kwa barabara, ni boti. Zinaondokea Kibirizi. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu, kwa hiyo mwenye mafua hapandi, na vilima vya Gombe ni vikali kwa goti bovu. Mwenye goti hilo aende Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, apite na soko la migebuka. Mawese ya kupeleka nyumbani yasijazwe hadi mdomoni, na chini ya kifuniko wekeni nailoni, maana yakipata joto yanapanda na harufu haitoki kwenye godoro.

Mkirudi Tabora, gari lioshwe chini, oili ya difu ikaguliwe kama imegeuka rangi ya maziwa, maana hiyo ni dalili ya maji, na beringi za mbele zipakwe grisi upya. Homa ikimpata mmoja wenu ndani ya wiki tatu na kipimo cha malaria kikasema hakuna, msikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Mwambieni daktari wazi kwamba mliumwa na ndorobo, mmuoneshe kidonda kama kipo, muombe damu itazamwe kwa darubini kutafuta malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo.